Neno 'pumzika' na moyo wa mwalimu wangu

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikifundisha isimu katika chuo kikuu, na muda huo wote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mfasiri asiyeielewa hali ya anayefasiriwa ni heri anyamaze. Nimelisema hilo mara nyingi mno hata naamini baadhi yao wanaweza kulikariri usingizini. Leo sina budi kukiri mbele ya wasomaji wa ukurasa huu kwamba siku nilipotakiwa kufasiri maagizo machache yaliyobeba uhai wa mtu, niliyafasiri vibaya. Aliyelipa gharama ya kosa hilo ni mzee aliyenishika mkono nikiwa na umri wa miaka saba akanifunza kuandika herufi ya kwanza.

Nitamwita Mwalimu tu, kama ninavyomwita hadi sasa. Alistaafu akarudi nyumbani kwake upande wa Kaloleni, kwenye minazi yake na kuku wake, akiwa na kisukari alichokuwa ameishi nacho kwa miaka kumi na minne. Asubuhi moja alipokuwa akitoka shambani alihisi uchovu asioweza kuueleza. Jasho jembamba lilimtoka, pumzi zikawa fupi, akaketi juu ya gogo. Kifua hakikumuuma hata kidogo. Kwa siku mbili alimeza dawa za malaria, maana huku kwetu kila uchovu usio na jina hupewa jina hilo. Alipofikishwa hospitalini na kupimwa umeme wa moyo, ikabainika kwamba alikuwa amepata mshtuko wa moyo na kwamba sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imekosa damu kwa muda mrefu.

Wengi hudhani kwamba mshtuko wa moyo sharti uje na maumivu makali ya kifua, mtu ajishike na kuanguka kama tuonavyo katika filamu. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Sukari inapokaa juu katika damu kwa muda mrefu huharibu neva, zikiwamo zile zinazopeleka habari za maumivu kutoka moyoni. Moyo unaweza kulia na mwenyewe asisikie. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu mwenye kisukari unayesoma makala haya katika chumba cha walimu, usingoje maumivu. Jasho la ghafla, kichefuchefu, pumzi fupi au uchovu usio na sababu vyatosha kukupeleka hospitalini siku hiyo hiyo.

Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani Mwalimu alikuwa amelala, na aliyepokea maagizo kwa niaba ya jamaa ni mimi. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba mgonjwa asijikalifishe katika siku za mwanzo, kisha arejee kidogo kidogo katika shughuli zake, atembee kila siku na kuongeza mwendo kadiri anavyoweza. Akanipa na barua yenye maneno hayo hayo, nikaitia mfukoni. Tulipofika nyumbani, watu walikuwa wamejaa uani wakisubiri habari. Nikasimama, nikasafisha koo kama afanyavyo mhadhiri, nikatamka: "Daktari amesema Mwalimu apumzike."

Neno hilo si dogo. Lina mzizi mmoja na pumzi na pumua, na yamkini asili yake ni kusimama ili upate pumzi ya kuendelea na safari. Lakini maana za maneno hazikai pale zilipozaliwa. Katika vijiji vyetu mtu aliyepumzika ni yule aliyeacha kazi moja kwa moja. Marehemu naye husemwa kuwa amepumzika. Nilipolitamka neno hilo bila kulifunga kwa idadi ya siku wala kiasi cha kazi, kila aliyelisikia alilichukua kwa ukubwa wake wote. Jembe la Mwalimu likafichwa. Kiti kikawekwa chini ya mwembe. Maji ya kunawa yakawa yanaletwa kitini, na mjukuu mmoja alikemewa na mamake kwa kumwacha babu ainuke kuchukua ndara zake mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine lililolipa neno langu nguvu lisizostahili. Pale kijijini mimi huitwa Daktari. Shahada yangu ya uzamifu ni ya mofolojia ya vitenzi, lakini nani anauliza? Daktari amesema, ikawa imesemwa.

Ilipita miezi minane. Kila nilipozuru nilimkuta Mwalimu amenenepa tumboni na kukonda mapajani. Sukari yake ilikuwa ikipanda kliniki baada ya kliniki na tembe zikiongezwa. Safari ya kutoka kitini hadi chooni ikawa inamfanya ahememe, nao jamaa walipoona hivyo walihitimisha kwamba moyo umezidi kudhoofika, basi apumzike zaidi. Na alipopumzika zaidi, alihema zaidi. Sikuuona mduara huo hadi siku nilipomsimulia hali yake mwenzangu mmoja wa kitivo cha tiba tukiwa kwenye chai. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Ni nani aliyemwambia akae?" Kwa muda wa dakika moja nzima nilimlaumu yule daktari kijana. Jioni nikaitafuta ile barua, nikaisoma upya, nikaona aibu.

Haki idai kusemwa kwamba kosa langu lina ukoo mrefu, na udaktari wenyewe uliwahi kulifanya. Hadi katikati ya karne iliyopita mgonjwa wa mshtuko wa moyo alilazwa kitandani majuma mengi, akilishwa na kugeuzwa, kwa hofu kwamba mwendo wowote ungepasua jeraha la moyo. Ajabu ni kwamba dokezo la kinyume lilikuwako zamani. William Heberden, tabibu Mwingereza aliyeeleza vizuri maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, alitaja katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka wa 1802 mgonjwa mmoja aliyejipangia kazi ya kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Watu walisoma habari hiyo wakaipita. Mwaka wa 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, huko Boston, walithubutu kuwatoa wagonjwa kitandani na kuwaketisha kwenye viti tangu siku za mwanzo, jambo lililoonekana kuwa ujeuri. Kiti! Kwa madaktari wa zama hizo kiti kilikuwa hatua kubwa ya kwenda mbele. Sisi tulikifanya kuwa mwisho wa safari.

Ushahidi ulionigusa zaidi ni wa Dallas, Marekani. Mwaka wa 1966 watafiti waliwalaza kitandani vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka ishirini hivi, kwa majuma matatu. Walipowapima walikuta kwamba uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye vijana hao, sasa wazee kidogo, walitafutwa na kupimwa tena. Ikaonekana kwamba majuma matatu ya kulala yalikuwa yamewadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nami nilikuwa nimemkalisha mtu wa miaka sitini na kitu kwa miezi minane.

Tangu hapo tiba imegeuka. Leo katika nchi nyingi mtu aliyepata mshtuko wa moyo, au aliyepasuliwa moyo, au aliyezibuliwa mshipa, huingizwa katika mpango maalumu. Aghalabu huchukua majuma kumi na mawili hivi, vipindi viwili au vitatu kwa juma, chini ya macho ya wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi ndiyo uti wa mgongo, lakini hayako peke yake. Mna mafunzo ya chakula, kuacha sigara, kuzijua dawa, na mazungumzo kuhusu hofu na huzuni, ambazo huwapata wengi na ambazo wazee wetu huzificha. Hata swali la unyumba hujibiwa humo, swali ambalo Mwalimu alinijia nalo kwa mafumbo matatu kabla sijaelewa anauliza nini. Tathmini kubwa ya utafiti iliyotolewa na Cochrane mwaka wa 2021 ilikusanya majaribio 85 yenye watu zaidi ya 23,000, ikaonyesha kwamba wanaofuata mipango ya mazoezi ya aina hii hupunguza uwezekano wa kufa kwa maradhi ya moyo, wa kupata mshtuko mwingine na wa kulazwa tena hospitalini.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni ya matajiri. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka wa 1993 kuhusu huduma hii, na likatilia mkazo nchi zinazoendelea. Hapa kwetu, watafiti wa Eldoret walichapisha mwaka wa 2022 matokeo ya kujaribu huduma hii kwa wagonjwa wenye moyo uliodhoofika magharibi mwa Kenya, wengine wakiifuata hospitalini na wengine nyumbani kwao. Kwa hiyo njia imekwisha kufyekwa. Ila wanaoipita bado ni haba sana.

Narudi kwa Mwalimu, kwa maana makosa yangu hayakwisha. Nilipokwisha kuyasoma hayo yote nilimpigia simu usiku ule ule, nikiwa na bidii ya mtu aliyeongoka jana. "Mwalimu, usikae tena. Tembea!" Mwalimu ni mtu wa kutii maagizo. Alfajiri alimeza tembe zake, akavaa ndara, akatoka kabla ya kunywa chai. Alitembea mwendo wa kama dakika arubaini. Alipokaribia kituo cha matatu akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akaketi chini katikati ya njia. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye mama yake ana kisukari, alielewa mara moja. Alikimbia dukani akaleta soda, akamnywesha polepole maadamu bado aliweza kumeza. Baada ya robo saa Mwalimu alirudiwa na fahamu zake zote. Nyumbani lakini hukumu ilikuwa imekwisha kupitishwa: kutembea kunaua. Mama, mkewe, aliniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Mwanangu, kwanza ulisema akae, sasa wasema atembee. Tushike lipi?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno 'tembea' likiwa uchi ni hatari sawa na 'pumzika'. Kwa mtu mwenye moyo uliojeruhiwa na kisukari kwa pamoja, mazoezi ni dawa kwa maana kamili, na dawa huwa na kipimo, wakati na madhara yake.

Na tuone dawa hiyo inavyofanya kazi. Msuli unapokaza na kulegea hufungua milango yake na kuivuta sukari kutoka katika damu, hata pale insulini inapokuwa chache au isiposikizwa vyema na mwili. Hiyo ndiyo neema ya mazoezi kwa mwenye kisukari: mguu unaotembea hula sukari. Lakini msuli hauna breki. Ikiwa mtu amechoma sindano ya insulini, au amemeza tembe zinazolilazimisha kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamaidi aliyokuwa akiimeza Mwalimu, kisha akatembea bila kula, sukari hushuka kupita kiasi. Huweza kushuka hata saa nyingi baadaye, usiku, mtu akiwa usingizini. Fauka ya hayo, wagonjwa wengi wa moyo hupewa tembe za kutuliza mapigo, nazo huficha dalili za kwanza za sukari kushuka: moyo hauendi mbio, mikono haitetemeki. Jasho hubaki, lakini katika joto la Pwani ni nani anayeshtushwa na jasho?

Ndiyo sababu mpango ulio barabara humtaka mgonjwa wa namna hii apime sukari kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kwa wanaotumia insulini au tembe za aina niliyoitaja, wataalamu wengi hutaka sukari izidi kama 5 hivi kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikiwa chini ya hapo mtu hula kitu kwanza. Ikizidi 14, hasa kama mwili unatoa ketoni au mtu anajihisi mgonjwa, zoezi huahirishwa. Miguu nayo haisahauliki. Mtu asiyehisi mwiba anaweza kutembea nao juma zima, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Viatu viwe vya kufunika na visivyobana, na kila jioni nyayo zikaguliwe. Mwalimu amempa kazi hiyo mjukuu wake wa darasa la nne, ambaye huifanya kwa ukali wa mkaguzi wa shule. Aliye na madhara machoni huonywa dhidi ya kunyanyua vitu vizito huku amebana pumzi. Vipimo hivi ni vya daktari na mgonjwa wake kuvipanga. Asije mtu akavikata gazetini na kujitibu navyo.

Baada ya tukio lile la bodaboda tulimpeleka Mwalimu kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mtulivu aliyeanza kwa kumtembeza dakika sita katika ukumbi na kupima umbali. Alifika mita 210, akisimama mara mbili. Daktari alipunguza kipimo cha tembe, akaagiza staftahi iliwe kwanza, na glukosi itembee naye mfukoni. Wiki za mwanzo zilikuwa za dakika kumi tu. Sikutarajia kwamba hapo ndipo taaluma yangu ingepata kazi.

Katika mipango hii mgonjwa huulizwa kazi anayoifanya anaihisije. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Gunnar Borg, alitunga kipimo kinachoanzia 6 hadi 20, na baadhi ya nambari zikapewa maneno: nyepesi sana, nyepesi, nzito kidogo, nzito, na kuendelea. Aghalabu mgonjwa hutakiwa abaki kati ya 11 na 14. Kipimo hiki kina faida kubwa kwa wenye kisukari, kwa sababu neva za moyo zikiharibika, au tembe za kutuliza mapigo zikitumika, kuhesabu mapigo kunaweza kudanganya. Hisia ya mtu mwenyewe hubaki kuwa mwongozo. Tazama, basi: chombo cha tiba ambacho kimetengenezwa kwa maneno matupu! Kikifasiriwa vibaya kimevunjika.

Mwalimu alipoonyeshwa nambari hizo zikiwa na maneno yake ya Kiswahili alizikataa. "Kazi nzito," alisema, "ni kubeba gunia. Mimi hapa natembea, sikubeba kitu." Akamwomba yule mama karatasi, akaandika vitenzi kwa mpangilio: kupumua, kuhema, kutweta, kukatikiwa na pumzi. Akaeleza kwamba anayepumua tu bado hajaanza kazi, anayehema yumo kazini, anayetweta apunguze, na aliyekatikiwa na pumzi aite watu. Yule mama aliicheka karatasi ile kwa furaha, kisha akaibandika ukutani. Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi na sijaona ngazi ya vitenzi iliyopangwa kwa manufaa kama ile.

Kuna na kipimo kingine, kinachotumiwa na wataalamu kote duniani, cha mazungumzo: mwendo ni wa kadiri ikiwa mtu aweza kuongea lakini hawezi kuimba. Mwalimu, ambaye alifundisha ushairi miaka thelathini, amekigeuza kuwa cha mizani. Anapotembea husema mshororo aliotunga mwenyewe wenye mizani kumi na sita. Akiumaliza wote kwa pumzi moja bila taabu, anajua anajikokota. Akishindwa kuukamilisha ukwapi wake wa mizani nane, anapunguza mwendo. Hicho ni kipimo cha nyumbani, hakijapita katika jaribio lolote la kisayansi, na yule mama alimruhusu kukitumia alipokwisha kukilinganisha na vipimo vyake mwenyewe.

Mwisho wa majuma kumi na mawili alitembea mita 345 kwa dakika zile zile sita, bila kusimama. Sukari yake ilituama. Moyo wake haukurudi kuwa wa ujana, na daktari alimweleza hivyo bila kumficha. Kovu la moyo ni kovu. Lakini sasa huenda sokoni kwa miguu na kurudi, na siku moja nilimkuta akimwagilia mchicha huku kile kiti cha chini ya mwembe kikilaliwa na paka.

Sasa niseme ninalolitaka. Kwanza ni barua ya kumruhusu mgonjwa kutoka hospitalini. Barua hiyo humtajia mgonjwa jina la kila tembe, uzito wake na saa za kuimeza, kisha kuhusu mwili mzima husema maneno mawili matatu yaliyolegea. Kwa nini mwendo usiandikwe kama dawa inavyoandikwa? Dakika kumi, mara mbili kwa siku, baada ya chakula, kwa juma la kwanza. Dakika kumi na tano juma la pili. Acha ukihisi hivi. Rudi tarehe fulani. Na iandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na sioni pahali pafaapo zaidi kukitumia kuliko mlangoni mwa hospitali. Laiti barua ile ningeipokea kwa lugha ambayo Mama angeisoma mwenyewe, nisingepata nafasi ya kuiharibu.

Kisha kuna malipo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya hazina ya NHIF mwezi Oktoba mwaka wa 2024, pamoja na kampuni za bima zinazowahudumia walimu, zapaswa kuvihesabu vipindi hivi kuwa tiba kama zinavyohesabu upasuaji. Ukumbi, saa, kipima-sukari na mtaalamu mmoja aliyefunzwa si vitu vya kuifilisi kaunti.

La mwisho latuhusu sisi tunaokula kwa jasho la maneno. Wenzetu wa Tanzania huiita huduma hii utengamao, kutokana na kutengamaa, yaani kuwa katika hali njema baada ya misukosuko. Hapa kwetu tunasema rihabu, na neno hilo limefungamana na ulevi na dawa za kulevya kiasi kwamba Mwalimu alipoanza kwenda vipindini jirani mmoja alikuja kumpa Mama pole, akishangaa mzee mwadilifu kama yule alianza lini kunywa. Tulicheka, lakini nafikiri juu ya mgonjwa ambaye ataacha kwenda kwa kuogopa jina tu. Wanafunzi wa isimu na wa uuguzi wanaotafuta mada za tasnifu, nendeni wadini mkasikilize watu wanavyoyataja maumivu, uchovu na pumzi zao. Kusanyeni. Mkikipata kipimo cha Kiswahili kilichojaribiwa na kuthibitishwa, mtakuwa mmefanya kazi ambayo maprofesa wenu hatujaifanya.

Juma lililopita Mwalimu alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilishtuka nikidhani kuna baya. Alikuwa njiani, nilisikia akihema kwa utulivu. Alitaka kuniambia kwamba 'utengamao' halijamridhisha, kwa sababu mtu akishatengamaa amefika, ilhali yeye ameambiwa mazoezi haya ni ya maisha. Anataka neno lenye mwendo ndani yake. Nilimjibu kwamba nitalipeleka darasani. Akasema nifanye haraka, kisha akakata simu, nadhani ili aumalizie mshororo wake.